Msimu wa Olunga Kule Japani, na Daftari Tusilolishika Bongwe

Kila unapotajwa mpira wa Asia hapa Bongwe, mazungumzo huishia kwenye jina moja na nambari moja: Michael Olunga, mabao 28. Jina hilo walijua hata watoto wa chuoni. Nambari pia. Lakini nikiuliza mabao hayo yalifungwa mwaka gani, katika ligi ya namna gani, na ilikuwaje ligi hiyo ikafika mwisho ilhali yetu ilikufa katikati ya safari, watu hunyamaza. Basi leo nimeona niueleze msimu ule kwa urefu kidogo, maana ndani yake mna mambo yanayotuhusu sisi watu wa Kwale kuliko hayo mabao yenyewe.

Tuanze na timu. Olunga alifika Kashiwa Reysol Agosti 2018, baada ya kuzunguka sana: Tusker na Thika United, Gor Mahia aliyoichezea mwaka 2015 walipomaliza ligi bila kufungwa, kisha Djurgården ya Uswidi, kisha Uchina, kisha Girona ya Uhispania ambako aliingia kutoka benchi dhidi ya Las Palmas Januari 2018 akafunga mabao matatu. Kashiwa ni mji ulio karibu na Tokyo, katika mkoa wa Chiba, na timu yake ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Hitachi. Jina Reysol limetokana na maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya mfalme na jua. Jezi zao ni za manjano, na uwanja wao ni mdogo, wa watu kama elfu kumi na tano, mashabiki wakiwa karibu na mstari kiasi cha kumsikia kocha akifoka.

Mwaka huo wa 2018 timu ilishuka daraja. Wengi wangekimbia, na mchezaji aliyewahi kucheza Uhispania angepata pa kukimbilia. Olunga alibaki. Msimu wa 2019 akafunga mabao 27 katika daraja la pili, na manane kati ya hayo aliyafunga siku moja, tarehe 24 Novemba, Kashiwa ilipoipiga Kyoto Sanga 13 kwa 1. Nilipoona matokeo hayo nilidhani ni ya mpira wa mikono. Hakuna mtu aliyewahi kufunga mengi hivyo katika mechi moja ya daraja lile. Reysol wakawa mabingwa wa daraja la pili na kurudi juu, wakiongozwa na mzee wa Kibrazil, Nelsinho Baptista, ambaye mwaka 2011 alikuwa ameipa klabu hiyo hiyo ubingwa wa Japani mara tu baada ya kupanda daraja.

Sasa hapa inabidi nitoke nje ya mpira wa miguu kidogo, kwa sababu Japani si nchi ya mpira wa miguu. Ni nchi ya besiboli. Mchezo ule wa gongo na kijipira kigumu, mmoja arusha, mwengine apiga kisha akimbilia vituo vinne hadi arudi alipoanzia, ndio unaojaza magazeti ya kule tangu ligi yao ya kulipwa ilipoanza mwaka 1936. Anayejua kriketi ya pale Mombasa Sports Club apata picha kwa mbali, ila besiboli haichezwi siku kutwa wala haina mapumziko ya chai. Timu ni 12, zimegawanywa katika ligi mbili za timu sita sita, na kwa kawaida kila timu hucheza mechi 143 kwa msimu. Naam, 143. Karibu kila siku kuna mechi. Bingwa wa kila upande hupatikana, kisha huja fainali za mwisho wa mwaka.

Timu hizo za besiboli nyingi hubeba majina ya kampuni. Kuna Giants wa Yomiuri, ambayo ni kampuni ya magazeti. Kuna Hawks wa SoftBank, ambayo ni kampuni ya simu. Ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu ilipoanza mwaka 1993 ikiwa na klabu kumi, mwenyekiti wake Saburo Kawabuchi alikataa mtindo huo kabisa. Alisema klabu zibebe majina ya miji. Wakubwa wa Yomiuri, waliokuwa pia na timu ya soka, walikasirika na kuzozana naye hadharani, lakini msimamo wake ndio uliosimama. Kampuni zaweza kutoa pesa, lakini timu ni ya mji. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa hivyo liwekeni kando.

Msimu wa 2020 ukafunguliwa. Tarehe 22 Februari Kashiwa waliifunga Sapporo 4 kwa 2, Olunga akifunga mawili. Siku tatu baadaye ligi ikasimamishwa. Korona.

Mnakumbuka huku kwetu ilikuwaje. Ligi ya Kenya ilisimama Machi. Aprili 8 Kwale ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, pamoja na Mombasa na Kilifi. Hoteli za Diani zikafunga milango, na vijana waliokuwa wakifua mashuka, wakipika na wakiuza vinyago ufuoni wakarudi nyumbani Bongwe, Gombato na Mwabungo kukaa chini ya miembe. Hata kibanda cha kutazamia mpira kilikuwa kimya, maana Uingereza nako hakukuwa na mechi. Tulifunguliwa Juni, na wakati huo ligi yetu ilikuwa imeshazikwa: Aprili 30 shirikisho, FKF, liliitangaza Gor Mahia kuwa bingwa kwa msimamo uliokuwepo, kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikapinga, na mzozo ukaenda kwa mahakama ya michezo. Ligi yenyewe ilikuwa ikichechemea tangu kabla ya korona. Mdhamini SportPesa alijitoa Agosti 2019, na kufikia Novemba timu ya Sony Sugar iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika mechi tatu. Kwa hivyo tusiseme korona ndiyo iliyotuua. Ilimkuta mgonjwa kitandani.

Asia ya mashariki ilifanya vingine, na walioanza walikuwa watu wa besiboli. Taiwan walifungua msimu wao Aprili 12, uwanja mtupu, na timu moja, Rakuten Monkeys, ikapanga maroboti na masanamu yaliyovikwa nguo kwenye viti vya mashabiki. Korea Kusini wakafungua Mei 5. Wamarekani, wenye mchezo wao, walikuwa wamefungiwa majumbani, na runinga zao zikawa zikionyesha besiboli ya Korea moja kwa moja. Nami nilizitazama baadhi ya mechi hizo kwa simu, bando likiruhusu, na nakiri mechi mbili za kwanza sikuelewa kitu. Ya tatu nilianza kushangilia. Korea walicheza mechi zao zote 144 kwa kila timu, na NC Dinos wakachukua ubingwa wao wa kwanza.

Japani walikwenda polepole zaidi, lakini tazama walichofanya. Tarehe 3 Machi, mechi zikiwa bado zimesimama, ligi ya besiboli na ligi ya soka zilikaa meza moja na kuunda kamati ya pamoja na madaktari wa magonjwa ya kuambukiza. Hawa ni wapinzani. Wanagombea watazamaji walewale na wadhamini walewale. Lakini walikubaliana kuwa virusi havijui gongo wala mguu, na kila walilojifunza upande mmoja lilipelekwa upande wa pili. Besiboli wakapunguza mechi hadi 120 na kuanza Juni 19; Hawks wa SoftBank wakamaliza mwaka kwa kuwafunga Giants mechi nne kwa bila katika fainali. Daraja la kwanza la soka likarudi Julai 4.

Sheria zilibadilishwa ili msimu ufike mwisho. Hakuna timu ya kushuka daraja mwaka huo. Wachezaji watano waruhusiwa kubadilishwa badala ya watatu. Kila klabu kupimwa kila wiki mbili. Mashabiki waliporuhusiwa, mwanzo walikuwa elfu tano tu, na wakaambiwa wasiimbe wala wasipige kelele, wapige makofi. Fikiria uwanja mzima wapiga makofi kama watu walio kwenye maulidi ya wazee! Timu zilicheza Jumatano na Jumamosi, Jumatano na Jumamosi, katika joto la kiangazi cha Japani ambalo lina unyevu kama wetu wa Februari.

Ni katika mazingira hayo ndipo Olunga alipofunga. Mabao 28 katika mechi 32. Aliyemfuata, Everaldo wa Kashima Antlers, alikuwa na 18. Hilo pengo la kumi ndilo linalosema zaidi kuliko ile 28. Katika ligi nyingi mfungaji bora hupatikana kwa bao moja au mawili. Huyu alikuwa peke yake barabarani. Tena hakuwa katika timu iliyotawala. Bingwa alikuwa Kawasaki Frontale aliyemaliza na pointi 83, na alikuwa ameshatwaa kombe Novemba 25 mechi nne zikiwa zimebaki. Kashiwa walimaliza nafasi ya saba. Karibu nusu ya mabao yao yote ya ligi yalitoka kwa mtu mmoja.

Alifungaje? Ukitazama video zake utaona kitu kimoja kikijirudia. Ni mrefu, ni wa mguu wa kushoto, na watu humdhania kuwa wa kuruka vichwa tu. Lakini mabao mengi ya msimu ule yalikuwa ya mbio. Kashiwa walikuwa wakiwaachia wapinzani mpira, wakikaa nyuma, kisha mpira ukinyakuliwa unapigwa haraka nyuma ya mabeki, na Olunga yuko njiani tayari kabla mpigaji hajainua mguu. Beki wa Kijapani ana nidhamu na anajua kujipanga, lakini akishageuziwa mgongo na mtu mwenye hatua ndefu vile, nidhamu haimsaidii. Alisomea uhandisi wa ramani na ardhi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ndiyo maana wamwita Injinia, na mimi huona masomo yale katika namna anavyopima nafasi. Huenda ni mapenzi yangu tu yanayosema hivyo.

Novemba korona iliingia ndani ya klabu yenyewe. Kocha Nelsinho na wachezaji kadhaa walipatikana nayo, mechi ya ligi ikaahirishwa, na fainali ya Kombe la Levain iliyokuwa ichezwe Novemba 7 ikasogezwa hadi Januari 4, 2021. Hakuna aliyepewa kombe mezani. Walisubiri miezi miwili, wakacheza, na FC Tokyo wakashinda 2 kwa 1. Kabla ya hapo, Desemba, Olunga alikuwa ameshachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mfungaji bora kutoka Afrika alikuwapo kabla yake, Patrick Mboma wa Kameruni mwaka 1997. Lakini mchezaji bora wa msimu mzima, Mwafrika wa kwanza ni huyu wetu. Januari hiyo hiyo akahamia Al-Duhail ya Qatar, na huko pia akawa mfungaji bora wa ligi.

Hata hivyo Japani haikuanza kuwajua Wakenya kwa Olunga, na hapa naomba nijivunie kidogo kama mtu wa Pwani. Douglas Wakiihuri, aliyeshinda mbio za marathoni za dunia mjini Roma mwaka 1987, alizaliwa Mombasa, na alikwenda Japani mwaka 1983 kufundishwa na mzee Kiyoshi Nakamura. Njia ipo siku nyingi. Swali ni kwa nini vijana wa mpira kutoka huku hawaipiti.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ligi ile haikuokolewa na pesa peke yake. Klabu ya Japani hupewa leseni kila mwaka, na vitabu vyake vya hesabu hukaguliwa. Ikipata hasara miaka mitatu mfululizo, leseni ina shaka. Ndiyo maana tufani ilipokuja zilikuwa na kitu cha kushika. Sisi tumezoea timu ya shirika. Shirika likiwa na afya, timu ina afya. Mkurugenzi akibadilika, timu inakufa. Oserian ya maua kule Naivasha ilichukua ubingwa wa Kenya 2001 na 2002, leo muulize kijana kama ashaisikia. Huku kwetu tuna Bandari, na twashukuru kuwa nayo: ilichukua Ngao ya FKF mwaka 2019, ikamaliza ya pili katika ligi, ikaenda Afrika ikawatoa Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kutolewa na Horoya wa Guinea. Lakini hiyo ni timu ya mamlaka ya bandari, na pumzi yake yategemea mamlaka. Timu ya Pwani ya mwisho kuwa bingwa wa ligi ni Feisal ya Mombasa, mwaka 1965. Tangu hapo kombe la ligi halijavuka Changamwe kuja upande huu. Na kwa sisi tulio ng'ambo ya feri, hata Bandari ni safari.

Sasa nije kwenye lile linalonikera. Mwaka uliopita kijana mmoja wa hapa, mpigaji mzuri wa mguu wa kushoto, alinijia nyumbani jioni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Ami, kuna wakala yuasema ataka kunipeleka Asia kwa majaribio. Yuataka elfu themanini za viza na barua. Baba yuataka kuuza mbuzi na ile minazi ya chini."

Nilimuuliza klabu gani. Hajui. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Ni ujumbe wa simu. Minazi ilipona, lakini mwenzake mmoja alikuwa ameshatoa pesa zake na wakala hapatikani hadi leo.

Basi na lieleweke. Klabu ya kweli ikimtaka mchezaji huandika barua ya mwaliko kwa jina lake. Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba uliotiwa saini, hachukui mbuzi za mzee kabla ya safari. Tangu 2023 FIFA huwafanyia mawakala mtihani na kuwapa leseni, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA. Lisipokuwepo jina, mazungumzo yamekwisha. Tena aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi hadi nchi kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache sana. Ukiambiwa mtoto wa miaka 16 wa Bongwe ana nafasi Asia mwezi ujao, jua unaibiwa.

Lakini kuna jengine ambalo ni letu wenyewe, si la matapeli. Sheria za FIFA zasema mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyengine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa hizo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyokuwa naye hupata robo asilimia. Kwa kila msimu kuanzia miaka 16, nusu asilimia. Tufanye hesabu. Mchezaji auzwe dola milioni moja, na alikuwa katika timu ya mtaani tangu miaka 12 hadi mwisho wa miaka 18. Misimu minne ya mwanzo ni dola 10,000. Misimu mitatu inayofuata ni dola 15,000. Jumla 25,000, zaidi ya shilingi milioni tatu, ziende kwa timu ya mtaani, na kila akiuzwa tena mgao huja tena. Tangu Novemba 2022 pesa hizo hupitia chombo maalumu cha malipo cha FIFA kilichoko Paris, ili klabu kubwa zisizikalie.

Twazipata? Hatuwezi. Timu zetu nyingi za Bongwe hazijaandikishwa shirikishoni. Wachezaji hucheza kombe la mtaa kwa jina la utani. Kocha hubeba orodha kichwani. Mtoto akitoka hapa akachukuliwa na shule ya sekondari ya mbali au akademia ya Nairobi, anaandikishwa kule kwa mara ya kwanza, na katika karatasi za dunia maisha yake ya mpira yameanzia siku ile. Miaka sita ya kocha aliyenunua mipira kwa pesa za bodaboda haipo popote. Olunga alipotoka Japani kwenda Qatar, kila mahali alipopita katika ujana wake ambapo jina lake lilikuwa limeandikwa kisheria palikuwa na haki ya kuulizia chake.

Kinachotakiwa si kikubwa. Timu iwe na cheti cha msajili wa michezo. Iwe na viongozi watatu wanaojulikana na akaunti ya benki kwa jina la timu. Ijiunge na tawi la FKF la huku kwetu, ada ilipwe, na kila mtoto aliyefika miaka 12 aandikishwe kwa cheti chake cha kuzaliwa ili apate nambari yake ya FIFA. Orodha irudiwe kila msimu, maana mgao huhesabiwa kwa msimu, na msimu usioandikwa haulipwi. Asiye na cheti cha kuzaliwa, na huku wako wengi, mzazi aanze na ofisi ya usajili wa vizazi kabla ya kununua viatu vya mpira.

Mimi nimejitolea kuandika. Ninalo daftari, na ninajua kusoma fomu. Makocha wa Bongwe wanaotaka, waje Jumamosi baada ya alasiri na orodha zao, hata kama zimeandikwa nyuma ya kalenda.